Mazishi ya Kila Siku ya Chiku wa Kwanza

Nchi ninayoisimulia hapa haipo. Naomba hilo lieleweke mapema, kwa sababu nina watoto wanaosoma na pensheni yangu imekaribia. Haimo kwenye ramani, haina bendera, na ukikuta mtu anafanana na hawa nitakaowataja, basi kosa ni lake kwa kufanana.

Katika nchi hiyo isiyokuwepo mimi ni mtumishi wa umma. Jina langu Sefu Pazi, na cheo changu ni Mliaji Daraja la Pili, Idara ya Zama za Wasanii. Wapo wanaokisikia cheo hicho wakacheka. Wacheke tu. Kulia ni kazi kama kazi nyingine, tena ina masharti yake. Unatakiwa ulie kwa sauti inayofika safu ya mwisho, usipenge kamasi mbele ya mgeni rasmi, na ukome papo hapo Mkurugenzi anapoinuka kuhutubia. Siku ya usaili tulikuwa watu mia nne. Wengi waliangushwa kwa sababu walilia mambo yao ya kweli, na mtu wa namna hiyo hawezi kukoma akiamriwa.

Nitaeleza idara yetu ilivyozaliwa, maana ilizaliwa kwa sababu ya mguu.

*

Palikuwa na mwimbaji anaitwa Chiku Malunde. Alitokea akiwa na miaka kumi na tisa, amevaa gauni la kitenge na viatu vya kamba, amebeba gitaa kavu lenye ufa. Nyimbo zake alizitunga mwenyewe, na ule uliompa jina uliitwa "Ungo wa Mama." Mama yake, Bi Nyamizi, alikuwa akiuza mchele sokoni, na kila asubuhi alikaa kizingitini akipepeta. Chiku aliichukua sauti ya ule ungo, punje zikipanda na kushuka, akaitilia maneno. Nchi nzima iliuimba. Walioa nao, walibembeleza watoto nao, na wapo waliofungulia nao mikutano ya bodi.

Aliyeukosoa alikuwa mmoja tu, naye ni Bi Nyamizi. Alisema mstari wa mwisho umekosewa. Chiku alikuwa akipandisha sauti mahali ambapo ungo hushuka. Aliambiwa kwamba wimbo umeshauzwa hivyo mpaka ng'ambo, akajibu kuwa huko ng'ambo labda hawajui kupepeta.

Miaka sita ikapita. Siku ya sherehe za taifa Chiku akaitwa kutumbuiza mbele ya Mtukufu Mlezi wa Taifa. Kumbe Mtukufu aliupenda sana "Ungo wa Mama." Inasemekana alifanya mazoezi ya wiki mbili, nyuma ya pazia, ya kupiga mguu wa kulia chini panapohusika. Jukwaa likafunguka. Chiku akatoka na gauni la kumetameta linaloburuzika chini, kipepeo cha kujipepea mkononi, fidla kumi na mbili nyuma yake, akaanza taarabu.

Mguu wa Mtukufu ulikuwa umeshanyanyuka. Ukabaki hewani. Watu wazima waliokuwepo wanasema hakijawahi kutokea kimya kirefu namna ile chini ya fidla kumi na mbili. Hatimaye Mtukufu akamwinamia aliyekaa jirani yake akauliza, "Kwani yule msichana wa ungo alikufa?" Yule jirani, kwa kuogopa kumkatalia mkubwa, akasema ndiyo. Mtukufu akaushusha mguu taratibu. "Basi mbona sikualikwa mazishini?"

Inawezekana alikuwa anatania. Hakuna aliyethubutu kumuuliza. Kufikia Jumatatu sheria ilikuwa imepita, idara ilikuwa na ofisi, na mkurugenzi alikuwa ameteuliwa, Profesa Ngoda Mwinyikambi, bingwa wa lishe ya samaki. Sheria yenyewe ilikuwa fupi. Msanii akibadili mtindo, yule wa mwanzo amekufa, na serikali itamzika kwa heshima.

*

Mazishi ya Chiku wa Kwanza ndiyo yaliyokuwa kazi yangu ya kwanza, nikiwa bado Daraja la Tatu. Ndani ya jeneza tuliweka gitaa, gauni la kitenge na viatu vya kamba. Cheti cha kifo kiliandikwa vizuri kwa wino mweusi, na mahali pa chanzo cha kifo daktari wa serikali akajaza "Mabadiliko." Chiku mwenyewe aliomba kuhudhuria akakataliwa, kwamba si adabu mtu kufika kwenye mazishi yake kwa miguu.

Bi Nyamizi alikalishwa kwenye mkeka kama mfiwa. Akina mama wa mtaa waliamriwa wampe pole, wakampa. Akalitazama jeneza, akamtazama binti yake anayechungulia dirishani na nywele mpya, akaanza kucheka. Alicheka mpaka kanga ikamdondoka kichwani. Askari akamsihi ajifunike uso. Akajifunika, mabega yakaendelea kutikisika, na kesho yake gazeti likatoa picha ile na maneno: Mama wa Marehemu Ashindwa Kujizuia.

Mimi nililia. Sijui nilikuwa na nini siku ile. Pengine ni ugeni wa kazi, pengine kiu ya kupanda cheo. Nililia mpaka mbwa wa jirani wakaitikia, mpaka Profesa akasahau kuinuka kuhutubia. Bi Nyamizi akaacha kucheka, akafunua kanga, akanitazama kwa muda mrefu, kisha akalitazama jeneza tena. Mwezi uliofuata nikapandishwa Daraja la Pili.

Chiku wa Pili, kwa kuwa amezaliwa juzi, alitakiwa kupelekwa kliniki ya wasanii wachanga. Alipimwa uzito kwenye ule mzani wa kuning'iniza, kamba zikakatika mara mbili, muuguzi akaandika kwenye kadi kwamba mtoto ana afya nzuri kupita kiasi. Alipewa chanjo. Alikaa ndani siku arobaini. Mumewe, Bwana Lugendo, mpiga besi mpole asiyependa makuu, alitangazwa mgane, akapewa likizo ya msiba, na likizo ilipokwisha ikabidi apeleke posa upya kwa mama mkwe yule yule. Bi Nyamizi alimkubalia kwa sharti kwamba safari hii alete sukari ya kutosha.

*

Sheria ilikuwa na kifungu kimoja ambacho mwanzoni hatukukitilia maanani. Nyimbo za marehemu ni mali ya marehemu. Haruhusiwi mtu kuziimba ila mrithi, mwenye barua. Kwa ajili hiyo kila mtaa ulipewa Msikilizaji, mtu mwenye kiti, daftari na filimbi, akae penye kivuli kuanzia asubuhi na kusikiliza. Kosa la kwanza ni onyo, la pili ni kifungo cha miezi sita.

Chiku hakujali sana. Alikuwa na mengi ya kuimba. Taarabu aliiimba miaka minane, akaiacha, tukamzika Chiku wa Pili na vipepeo vyake. Mpiga fidla mmoja aliingia kaburini kwa hiari yake akidai kwamba yeye ni sehemu ya zama, tukamtoa kwa kamba. Akaja Chiku wa Tatu na suruali ya rangi ya fedha, miwani myeusi usiku na mchana, na mashine iliyofanya sauti yake itoke kama imo ndani ya mtungi. Vijana walimpenda mpaka wakazimia. Naye tukamzika, mashine na yote. Bwana Lugendo alipofiwa mara ya tatu, idara ilimshauri kwa maandishi atafute mwenza mwenye mtindo uliotulia. Akapeleka posa na sukari, kama kawaida.

Siku moja nilimuuliza Chiku, maana tulishazoeana, kwa nini habaki na mtindo mmoja. Nilimwambia kwamba angebaki na lile gitaa, angekuwa mwanamke mwenye cheti cha kuzaliwa kimoja tu.

"Kaka Sefu," akasema, "mimi simkimbii yule wa zamani. Napata neno jipya, nikilivalisha lile gauni la zamani linabana. Basi nashona jingine. Lakini yule wa zamani natembea naye, ninakula naye. Ninyi ndio mnanizikia watu wangu."

Nilimwambia afadhali asiyaseme hayo mbele ya Msikilizaji. Akacheka. Chiku wa Nne alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, na ngoma moja na waitikiaji sita wenye mvi, na kwa maoni yangu, ambayo si ya idara, ndiye aliyeimba vizuri kuliko wote.

*

Ndipo Bi Nyamizi akaanza kusahau.

Alikuwa amepita miaka themanini. Alianza kwa kutia chumvi kwenye chai. Halafu akawa anamwita Bwana Lugendo kwa jina la marehemu mumewe, naye Bwana Lugendo akawa anaitika, kwani alishazoea mambo ya watu kufa na kuwapo. Halafu asubuhi moja Chiku alimpelekea uji, naye akaupokea kwa adabu, akashukuru, akauliza, "Wewe mama ni mtoto wa nani?"

Chiku akajitaja. Bi Nyamizi akatikisa kichwa. Alieleza, kwa upole wa mtu asiyetaka kumuumiza mgeni, kwamba Chiku wake alishakufa siku nyingi. Alimzika. Walikuja watu wengi, na alikuwepo kijana mmoja aliyelia sana, maskini, mpaka yeye mwenyewe aliyekuwa akidhani ni mchezo akaona basi ni kweli.

Katika yote aliyowahi kuyaona duniani, mvua, mavuno, ndoa yake, uzazi wake, kichwa chake kilikuwa kimechagua kubaki na kazi yangu nzuri.

Akaweka uji chini. Alisema mfiwa hali chakula cha mgeni mpaka matanga yaanuliwe, na hakuna aliyekuja kuyaanua. Siku ya pili hakula. Siku ya tatu alilamba asali kidogo kwa sababu Bwana Lugendo, yaani marehemu mumewe, alimwomba. Akawa anapungua, mikono ikabaki mifupa na bangili.

Siku ya tano Chiku alikuwa kizingitini anapepeta mchele, akaona mama yake amegeuza shingo kuufuata mlio wa ungo. Bila kufikiri akaimba chinichini mstari mmoja wa "Ungo wa Mama." Bi Nyamizi akainua kichwa. Macho yakaanza kuja, Chiku alivyonieleza, kama mtu anayepanda ngazi kutoka chini. Hapo hapo filimbi ikalia. Msikilizaji akaingia na daftari, akaandika onyo la kwanza, akalisoma kwa sauti, akaomba sahihi. Alipotoka, Bi Nyamizi alikuwa ameshashuka tena.

Chiku angeweza kuimba mara ya pili. Lakini angefungwa miezi sita, na mama yake hakuwa na miezi sita ya kukaa bila kula.

*

Basi akaja ofisini kwangu kuomba barua ya mrithi.

"Mama ananiomboleza, kaka Sefu," alisema, "na mimi nimekaa mbele yake na bakuli la uji."

Mimi si mtu mbaya. Nilimpa fomu siku ile ile. Ilikuwa na kurasa kumi na moja, na swali la kwanza liliuliza uhusiano wa mwombaji na marehemu. Chiku akaandika "Mimi." Fomu ilirudishwa, kwamba "mimi" si uhusiano. Akaandika "Ni mtu mmoja." Ikarudishwa tena na karipio, kwa sababu mtu mmoja anajirithije? Bwana Lugendo ndiye aliyepata wazo la kuandika "Mdogo wake marehemu," kwani ni kweli alizaliwa baadaye. Hiyo ikapita. Lakini kwenye dirisha la tatu wakagundua kwamba kwa mujibu wa kadi ya kliniki mwombaji ana umri wa miaka minne, na mtoto wa miaka minne hawezi kuomba mirathi bila mzazi kufika mbele ya Baraza la Idara na kumtambua.

Mzazi ni Bi Nyamizi. Chiku alikaa kwenye benchi letu la wageni akalia, kimya kimya, bila kufuata utaratibu wowote. Nilitazama pembeni.

*

Baraza lilikaa Jumatano. Bi Nyamizi aliletwa amevaa kanga mpya, amebebwa na mkwewe, mwepesi kabisa. Wote tulimwamkia shikamoo, hata Profesa, naye akatuitikia marahaba mmoja mmoja bila kutujua.

Profesa Ngoda akahutubia kwanza. Alikumbusha kwamba samaki hubadili maji lakini hawabadili mapezi, akapigiwa makofi, ingawa hatukujua inahusu nini. Alisema nchi nyingi zinawaacha wasanii wao wazagae na zama tatu nne ndani ya mwili mmoja, bila mpangilio, mpaka msikilizaji hajui ampigie makofi yupi. Sisi, akasema, tumeweka kila sauti kwenye kaburi lake. Kisha akamgeukia mama wa watu akamuuliza kama anamfahamu mwanamke huyu aliyekaa mbele yake.

Bi Nyamizi akamtazama Chiku. Alijibu kwamba hamjui. Ni mtu mwema, anampa uji kila siku, Mungu ambariki, lakini hamjui.

"Na binti yako Chiku?"

"Amekufa."

"Una shahidi?"

Akaangaza macho chumbani, akapita kwa Profesa, akapita kwa karani, akanifikia mimi nyuma ya kabati la majalada. Kidole chake kikanyooka. "Muulizeni huyo baba. Alilia kuliko mimi."

Profesa alifurahi. Alisema idara inajivunia mtumishi ambaye kazi yake inakumbukwa na wananchi hata baada ya miaka zaidi ya ishirini, tena wananchi wasiokumbuka kitu kingine. Akaniuliza, kwa ajili ya kumbukumbu za kikao, kama nililia. Nikasema ndiyo. Machozi yalikuwa halali? Yalikuwa halali. Je, basi marehemu alikufa?

Chiku alikuwa ananitazama. Nilikuwa na nafasi ya kusema neno moja la kiutu, na sikulisema. Nilisema, "Kwa mujibu wa jalada, ndiyo." Niliona aibu, na aibu hiyo ninayo mpaka leo, ingawa haijazuia kazi.

Profesa akachukua muhuri wa KUKATALIWA akaupulizia. Chiku akasimama. Alivua viatu, sijui kwa nini, labda ili asimame vizuri. Akanyoosha mikono mbele kana kwamba ameshika ungo, akaanza kuimba.

*Ungo wa mama hauna haraka,*
*pumba nje, punje ndani,*
*upepo chukua chako,*
*utuachie cha nyumbani.*

Haikuwa sauti ya yule msichana. Ilikuwa sauti ya mwanamke wa ngoma moja, imepita kwenye fidla, imepita ndani ya mtungi, na vyote hivyo vilikuwamo. Msikilizaji wa ofisi alitia filimbi mdomoni akasahau kuipuliza. Chiku akaendelea, mikono ikipanda na kushuka, akafika mstari wa mwisho, na pale pale alipokosea akiwa na miaka kumi na tisa, akapandisha sauti.

"Hapo unamwaga," akasema Bi Nyamizi.

Profesa akaushusha muhuri.

"Hapo unashuka, Chiku. Kila siku nakwambia. Ungo ukishuka, sauti inashuka. Unamwaga mchele, na huo ni wa watu." Halafu akamwangalia vizuri, kuanzia nywele mpaka miguu mitupu, akakunja uso. "Mbona umezeeka hivi, mwanangu? Umekula?"

Chiku alisema hajala. Bi Nyamizi akamgeukia Bwana Lugendo akamwuliza wanasubiri nini hapa, nyumbani kuna mchele.

*

Baraza lilijifungia kwa saa nne. Mimi nilikuwa namsaidia karani kuandika kumbukumbu, kwa hiyo najua jinsi hoja zilivyokwenda. Kama aliyeimba ni Chiku wa Kwanza, basi yu hai, na idara ilimzika mtu aliye hai, jambo ambalo serikali haifanyi. Kama aliyeimba ni Chiku wa Nne, basi shahidi amemtambua mtu asiyestahili, na shahidi huyo aliitwa na idara yenyewe. Saa ya tatu mjumbe mmoja alijaribu kusema kwamba labda ni mtu mmoja tu. Akaombwa atoke nje akapunge upepo.

Uamuzi ulisomwa jioni. Baraza limejiridhisha kwamba marehemu alifufuka kwa muda wa ubeti mmoja na, baada ya hapo, alifariki tena kwa amani katika ofisi za serikali. Kosa la kuimba lilitendwa na marehemu, na sheria hairuhusu kumkamata marehemu. Chiku wa Nne alikuwa mpita njia. Ombi lake la urithi linakataliwa kwa sababu mwenye mali amethibitika kuwa ana tabia ya kurudi. Mazishi Alhamisi saa nne asubuhi. Mliaji, Ndugu Pazi.

Tukazika Alhamisi. Adhuhuri ya siku hiyo Chiku akampakulia mama yake wali, mama akamwuliza wewe ni mtoto wa nani, Chiku akaimba, akakosea mstari wa mwisho, mama akamrekebisha, akala. Msikilizaji wa Mtaa akaandika kwamba marehemu amefufuka na kufariki saa saba na dakika kumi. Tukazika Ijumaa. Ijumaa akafufuka mara mbili, mchana na jioni, kwa sababu kulikuwa na samaki.

Hivyo ndivyo ilivyoendelea. Kwenye cheti, mahali pa chanzo cha kifo, daktari sasa anaandika "Kumaliza wimbo." Mwezi wa pili mbao za majeneza ziliisha, shule tatu zikatoa madawati. Mwezi wa tatu idara ikabuni jeneza la kudumu lenye bawaba na vishikio viwili, linalozikwa asubuhi na kufukuliwa alasiri, na ili kupunguza safari kaburi likahamishiwa uani kwa Chiku mwenyewe, karibu na kamba ya kuanikia nguo. Profesa amealikwa ng'ambo kwenda kueleza mafanikio yetu. Takwimu zinaonyesha kwamba hakuna nchi inayozika wasanii wake mara nyingi kama yetu.

Mtukufu Mlezi wa Taifa naye alikuja, siku moja, kwani ni yeye aliyelalamika miaka ile kwamba hakualikwa. Ni mzee sasa. Alikaa kwenye kiti cha kukunja kando ya kaburi, na jeneza lilipokuwa linashushwa, Chiku alikuwa jikoni anamlisha mama yake, na wimbo ukatoka dirishani. Mguu wa kulia wa Mtukufu ukanyanyuka. Safari hii ulishuka mahali pake, ukanyanyuka, ukashuka. Hakuna aliyeuona kwa sababu tulikuwa tumeamriwa kutazama chini, na mimi ninalijua hilo kwa kuwa nilikuwa natazama chini.

*

Juma lililopita nilikuwa peke yangu uani. Wachimbaji walikuwa wamekwenda kunywa chai, Profesa yuko ng'ambo, na hapakuwa na mgeni rasmi. Lakini jedwali linasema saa nane ni kulia, kwa hiyo nilikuwa nalia, kwa sauti inayofika safu ya mwisho, ingawa hapakuwa na safu.

Bi Nyamizi akatoka taratibu akishika ukuta. Amenenepa, mashavu yamerudi. Akakaa kizingitini akanitazama jinsi alivyonitazama siku ile ya kwanza. Nilimwamkia katikati ya kilio, akaitikia.

"Baba," akasema, "hivi kila siku unamlilia nani hapa?"

Nilimwambia ninamlilia Chiku.

Akalitazama kaburi. Niliogopa. Niliogopa kwamba atasadiki tena, kwamba nitakuwa nimemzikia mwanawe mara ya pili. Akanionea huruma. Niliiona usoni mwake, huruma ya mtu mwenye akili timamu kwa mwenzake aliyepotewa kidogo.

"Chiku hayumo humo, baba. Chiku yuko jikoni." Akageuza shingo akaita ndani. "Chiku. Mletee huyu baba maji, amelia mpaka amechoka."

Chiku akatoka na kikombe, mikono ina unga, akanipa. Nilikunywa yote. Nilishukuru, nikafuta mdomo, nikatazama saa, nikaendelea na kazi mpaka saa tisa na nusu.